Kubadhi la Mzee Uweso

Kitu cha kwanza kumkera Inspekta Mastura asubuhi ile, alipofika Bwawa la Kwemdimu, kilikuwa muziki. Mtu amezama hapa Idd pili, maiti yake haijaonekana, wazamiaji wa zimamoto bado wanapapasa tope, na watu wametandika mikeka yao kando ya maji kana kwamba hakuna lililotokea. Spika inanguruma, majungu ya pilau yamefunuliwa, watoto wanagombania bembea. Kwenye mti mmoja kulikuwa na kibao kipya: VYOMBO VYA MAJINI VIMESITISHWA KWA MUDA. Chini ya kibao hicho vijana wawili walikuwa wamekaa ndani ya kijiboti cha plastiki, nchi kavu, wakipigana picha.

"Tanga raha, afande," alisema Koplo Luka.

"Nenda kazime hiyo spika," Mastura alimjibu.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliomkosesha usingizi. Sele Hatibu, kijana wa mjini aliyekuwa aoe wiki ile ile, alikuja bwawani na jamaa zake kula sikukuu. Akaingia kijiboti peke yake, akapiga kasia kuelekea ng'ambo. Kijiboti kikakutwa kimepinduka kwenye matete, Sele hayumo. Kabla jua halijatua jamaa walishapata wa kumlaumu: Wilfred, mtu wa kukodisha vijiboti, ambaye walisema alimwachia kijana wao aende bila jaketi la kuelea. Wilfred alilala mahabusu siku hiyo, na hajatoka hadi leo. Kesho asubuhi angepandishwa mahakamani kwa kusababisha kifo. Mkuu wa kituo alitaka jalada limekamilika mezani, na alishasema asingependa kusikia neno "lakini".

Mastura alikuwa na "lakini" nyingi. Kubwa kuliko zote ilikaa langoni pa kituo, juu ya jiwe: Loveness, mke wa Wilfred, na hotipoti lake. Mwanamke yule hakulia wala hakugombana na mtu. Kila Mastura alipopita alimwambia neno moja tu: "Alimpa, dada. Wilfred hampi mtu kijiboti bila jaketi." Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Kwa wale wasiojua desturi ya Kwemdimu, Wilfred alikuwa na utaratibu wake. Zamani wageni walikuwa wakirudi nchi kavu na kuondoka na majaketi, wengine wakiyafanya mito ya kulalia. Basi Wilfred akabuni rehani: ukitaka jaketi, unamwachia kiatu cha mguu wa kulia, anakitia kikapuni. Ukirudisha jaketi, unapewa kiatu chako. Hakuna mtu anayerudi Tanga mjini na kiatu kimoja, hata awe mwizi wa namna gani. Utaratibu ulifanya kazi vizuri kiasi kwamba siku ile ndio uliomfunga. Maana nguo za Sele zilipokabidhiwa polisi, kanzu, kofia na makubadhi yake mapya ya Idd, makubadhi yalikuwa mawili. La kulia lilikuwepo. Na kikapu cha Wilfred kilikutwa kitupu. Kwa hiyo hakuacha rehani, kwa hiyo hakupewa jaketi. Hata mkuu wa kituo aliielewa hesabu hiyo, naye si mwepesi wa kuelewa.

Wilfred peke yake ndiye aliyeshikilia kwamba alilichukua kubadhi la Sele kwa mkono wake na kulitia kikapuni.

Spika ikanyamaza. Mastura akashusha pumzi, na kabla hajaipandisha tena, mtu akasimama mbele yake. Mzee mrefu, kanzu imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi, kofia ya mkono, fimbo. Alitembea akichechemea, kisigino cha kulia kimetoka nje ya kiatu.

"Shikamoo mzee," alisema Mastura, kwa kuwa hasira haiondoi adabu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Uweso, natoka Mwera, kule Pangani. Nimekuja kwa ajili ya kubadhi langu."

"Mzee wangu, hapa tunatafuta mtu."

"Nami natafuta kubadhi. Kila mtu na chake. Siku ile niliwaleta wajukuu, nimesema na yule kijana wako mwenye kitabu, akaniambia ngoja. Nimengoja. Jana nimekwenda kituoni, nikaambiwa ngoja. Leo nimekuja huku."

"Basi ngoja kidogo tu," Mastura alisema, akamwonyesha kivuli. Mzee alimtazama kama mtu aliyekwisha zoea kuzungushwa na serikali, akaenda zake kukaa.

Mastura akaanza na mashahidi, na mashahidi wakaanza kumchosha. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa kitambi aliyeapa kwamba aliona mamba.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Wallahi, kama hilo gari lenu."

"Ulimwona wapi?"

Bwana akanyoosha mkono kwenye matete. Palepale ambapo wazamiaji walikuwa wakimburura huyo mamba nje ya maji kwa kamba. Alikuwa na matawi mawili na kiota cha ndege.

"Basi alikuwa kama huyo," alisema bwana bila haya.

Wa pili, mama aliyevaa miwani ya jua, alikuwa na video. Mastura akaishika simu kwa matumaini. Video ilikuwa ndefu, na yote ilikuwa uso wa mama mwenyewe akionja sambusa, akigeuza shavu hili na lile. Bwawa lilionekana kidogo nyuma ya sikio lake.

"Ulisikia mtu akipiga ukelele?"

"Ningesikia, mbona. Tulikuwa karibu. Tulisikia tu yule binti alipopiga mayowe kuwa kijiboti kimepinduka."

"Kabla ya hapo? Maji kurushwa? Kishindo?"

"Hakuna, mwanangu. Kimya."

Mastura alimrudishia simu. Mfa maji haachi kutapatapa, ndivyo wasemavyo, na huyu alikufa maji mbele ya umati wa sikukuu bila kumwagia mtu hata tone. Hilo alilitia akilini.

Wa tatu alikuwa msimamizi wa bustani, shati limepigwa pasi, funguo zinalia kiunoni.

"Mimi nilishasema, afande. Yule Wilfred ni mlevi."

"Umemwona amelewa?"

"Kumwona sijamwona. Lakini hawa watu wa milimani unawajua."

Nyuma ya Mastura, Koplo Luka, ambaye mama yake ni Msambaa wa Lushoto, alikohoa.

"Namjua mmoja," alisema Mastura. "Anakoroma kwenye gari. Kulewa, sijamwona. Wewe ulikuwa wapi Wilfred alipompa Sele kijiboti?"

"Getini. Watu walikuwa wengi."

"Kwa hiyo hukuona kitu."

"Kuona sikuona, ila..."

"Ahsante."

Akamgeukia Luka. "Lete vielelezo. Tunaigiza jambo zima tangu mwanzo, maana kuuliza kumenishinda. Wewe ni Sele."

Walishuka gatini, kwenye mbao ambapo vijiboti hufungwa. Kikapu cha Wilfred kilikuwa palepale, kimejaa majani makavu. Mastura akakikung'uta, akakiweka chini. "Haya, umekuja kuchukua kijiboti. Vua kiatu cha kulia."

Luka akainama kwenye buti lake na kuanza kupambana na kamba. Akapambana. Mastura akatazama maji, akatazama mbingu.

"Acha, Luka. Tuliangalie hili la jaketi. Wilfred anasema jaketi moja limepungua kwenye yale yake kumi na mawili. Jamaa wanasema hakumpa. Kama hakumpa, jaketi la kumi na mbili liko wapi?"

"Labda limezama, afande."

Mastura akamgeukia. Alimtazama tu, akamwachia nafasi.

"Jaketi la kuelea," alisema Luka polepole.

"Ndiyo, Luka."

"Haliwezi kuzama."

"Hongera. Kama Sele alilivaa, naye asingezama, tungemkuta anaelea kama kifuu. Kama hakulivaa, jaketi lingekuwa hapa kwenye kamba. Halipo majini, halipo nchi kavu. Jaketi halina miguu." Akafungua mfuko wa vielelezo, akatoa makubadhi ya Sele na kuyaweka juu ya mbao, moja huku, moja kule. "Na haya ndiyo yanayoniudhi. Wilfred anaapa alilichukua la kulia. Hili hapa la kulia."

"Hilo ndilo langu!"

Mzee Uweso alikuwa amechoka na kivuli. Alisimama juu ya ukingo na fimbo yake imeelekezwa kwenye kielelezo cha serikali.

"Mzee, nakuomba," alisema Mastura, na sasa sauti ilimpanda. "Nimekuambia ungoje. Hivi ni viatu vya marehemu."

"Marehemu gani? Mimi ni hai, alhamdulillahi."

"Makubadhi haya yote yanafanana! Idd nzima Tanga imevaa makubadhi ya fundi mmoja!"

"Yanafanana kwa mtu asiyeyavaa." Mzee akateremka gatini akichechemea, akainama kwa tabu, akavua kubadhi la mguu wake wa kulia na kulitupa mbele ya Mastura. "Nimepewa hili la mtoto wa watu. Niliporudisha jaketi, langu halimo kikapuni, limebaki hili peke yake. Yule Wilfred amechanganyikiwa na mayowe, ananiambia chukua, mzee, chukua hilo. Nimelichukua. Kisigino changu kimekaa nje siku zote hizi kama kuku aliyefungiwa mlango!"

Mastura alifungua mdomo amwambie aende zake. Kisha akaufunga. Akapiga magoti kwenye mbao, akayapanga yote matatu sambamba: la kushoto la Sele, la kulia la Sele, na lile alilotupiwa.

Kwa kukata, kwa ngozi, kwa nakshi, yalikuwa ndugu. Lakini lile la kulia lililoletwa na jamaa za Sele lilikuwa refu kuliko la kushoto kwa upana wa kidole, na ukanda wake umeongezwa kipande ili mguu mpana upite. Lile alilolitupa mzee, dogo, lilikaa ubavuni mwa la kushoto kama pea iliyotoka kwa fundi jana.

"Mzee wangu, hebu jaribu hili," alisema taratibu.

Mguu wa Mzee Uweso ukaingia kwenye kielelezo cha serikali bila shida yoyote, kisigino kikatua mahali pake. Mzee akafumba macho kwa raha.

"Luka," aliita Mastura. "Nani alivipokea viatu hivi siku ile?"

"Mimi, afande."

"Hukuvilinganisha?"

"Vilikuwa viwili. Kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto. Nikaridhika."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo Mastura angeweza kumwambia, na mengine yalishafika kwenye ulimi. Alimkumbuka Loveness juu ya jiwe lake, akaona aibu, maana hata yeye mwenyewe alilala na mfuko ule chini ya meza yake na hakuufungua. Mzee wa watu alikuwa akizunguka na ushahidi mguuni, na kila mtu akimwambia angoje.

"Sikiliza," alisema. "Kubadhi la kulia la Sele liliingia kikapuni. Ndilo hili dogo, lilibaki mpaka mwisho mzee akapewa. Kwa hiyo Sele alipewa jaketi, na Wilfred hakusema uongo hata neno moja. Halafu mtu akaja kikapuni Wilfred akiwa majini na wageni, akataka kulitoa kubadhi la Sele ili ionekane hakuacha rehani. Ndani mmejaa makubadhi ya kulia, mapya, ya fundi mmoja. Ana haraka. Akachukua la mzee."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Kwa sababu mtu mwenye jaketi hazami. Aliyetaka tuamini kwamba Sele amezama, ilimbidi kwanza amvue jaketi." Akasimama, akajipangusa magoti. "Nguo zilikuwa mikononi mwa nani?"

Luka akafungua kitabu, lakini alilikumbuka jibu kabla ya ukurasa. "Mchumba wake. Yule binamu yake, Najat. Ndiye aliyepiga mayowe, na ndiye aliyenikabidhi."

Mastura akayakusanya makubadhi. La mguuni kwa Mzee Uweso halikukusanyika.

"Mzee, hilo ni kielelezo."

"Nami ndiye mwenye kielelezo. Mnakwenda nalo wapi?"

"Mjini. Kwenye matanga."

"Basi twende sote."

Alipakiwa garini. Mastura hakuwa na nguvu za kubishana tena.

Nyumba ya Mzee Hatibu, baba yake Sele, ilikuwa imejaa. Ilikuwa siku ya hitima. Wanaume walikaa mikekani barazani, juzuu mikononi, na sauti ya Mzee Hatibu ilizipita zote katika kuisoma Yasini. Mtu huyu alijulikana mtaa mzima. Akisema jambo limekwisha, limekwisha. Wanawe walikuwa watu wazima wenye ndevu na bado walimwomba ruhusa ya kukata nywele. Ndoa ya Sele na binti wa nduguye aliipanga yeye, mahari akayapanga yeye, tarehe akaipanga yeye. Mzee Uweso aliposikia Yasini alivua makubadhi, akamkabidhi Mastura lile la kulia kwa uchungu, akapanda barazani na kushika juzuu. Msiba ni msiba.

Mastura alipita ndani kwa wanawake. Kwenye kiti cha chini, amezungukwa na mashoga, alikaa Bi Khadija, mama yake Sele, macho yamevimba hayafunguki vizuri. Mastura alimpa pole kwa mara ya pili ndani ya siku chache, na safari hii akaharakisha kwenda uani.

Huko alimkuta Najat, akiosha vikombe vya kahawa. Binti mwembamba, hina ya Idd bado mbichi viganjani. Mastura aliyapanga makubadhi matatu sakafuni mbele yake.

"Nichagulie pea," alisema.

Najat alitazama. Kikombe kikamtoka, kikaelea kwenye beseni.

"Sijui, dada."

"Unajua. Mchumba anavijua viatu vya mchumba wake. Nichagulie."

Mkono uliolowa maji ukanyooka, ukaligusa la kushoto, kisha ukaligusa lile dogo. Ukarudi mapajani.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Najat, nimetoka bwawani, nimeonyeshwa mamba mwenye kiota cha ndege, nimekunja magoti kwenye mbao, sijanywa hata chai. Usiniulize nani."

Binti alitazama mlangoni. Barazani, Mzee Hatibu alivuta aya kwa sauti ya kukata mbao.

"Yuko Amani, milimani huko Muheza," alisema kwa kunong'ona. "Kwa rafiki yake. Begi alilificha mapema ng'ambo, kwenye matete, na jaketi akaondoka nalo. Hakuna ubaya, dada. Yeye hanitaki na mimi simtaki. Tumekua pamoja, tumechapwa pamoja, ni kaka yangu yule. Mimi nimepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Tulikaa tukafikiri, nani atamwambia ba'mkubwa?"

"Mkaona bora afe."

"Ba'mkubwa haambiwi hapana! Humjui. Sele alijaribu kabla ya Ramadhani. Alifika mlangoni, akaulizwa unataka nini, akasema amekuja kuuliza kama maji yametoka."

Mastura alitaka kucheka, na hilo likamtia hasira zaidi. "Na Wilfred?"

"Nani?"

"Mtu wa vijiboti. Ana mke. Ana watoto. Wakati nyinyi mnaogopa kusema hapana, yeye anaisema kila siku kule mahabusu na hakuna anayemsikia. Kesho anapelekwa mahakamani."

Machozi yakaanza kumtoka Najat, na Mastura akaona kwamba yalikuwa ya kweli. "Tulifikiri watasema ni bwawa. Bwawa halifungwi. Nilipoona wanamkamata nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Nikaona ba'mkubwa anakuja."

"Mpigie Sele. Weka sauti."

Simu iliita kidogo tu. Aliyepigiwa alikuwa ameishika mkononi, bila shaka. Sauti ikatoka juu ya beseni la vikombe, ya chini, ya mashaka, hai kabisa:

"Najat? Hitima imekwisha?"

"Bado," alisema Mastura. "Wanakungoja wewe."

Nyuma yao sinia likatua sakafuni. Bi Khadija alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alikuwa amekuja kufuata vikombe.

Hakupiga ukelele. Alijongea akishika ukuta, akaichukua simu kutoka mkononi mwa Najat, akaiweka karibu na mdomo kama watu wasiozoea simu wafanyavyo.

"Sele."

"Mama... Mama, nisamehe, mimi..."

"Baba yako anakusomea Yasini," alisema Bi Khadija. Sauti ilimtetemeka, lakini haikukatika. "Mimi siwezi kumnyamazisha. Sijawahi kumnyamazisha tangu anioe. Njoo umwambie mwenyewe."

Akairudisha simu, akakaa chini palepale kwenye sakafu iliyolowa, akajifunika uso kwa kanga na kulia upya, kilio kingine kabisa. Najat alimkumbatia. Mastura aliwaacha. Alipita barazani kati ya watu wenye juzuu, akamwona Mzee Uweso akisoma kwa bidii, kisigino chake kikubwa kimepumzika mkekani, akimwombea rehema kijana ambaye muda ule pengine alikuwa akitafuta basi la Muheza.

Nje, alimpigia simu ofisa wa zamu kituoni.

"Mwandalieni Wilfred dhamana. Sasa hivi. Na muiteni mkewe hapo langoni aingie ndani, msimwache juani."

"Lakini afande, jalada linasema amesababisha kifo. Mkuu atauliza. Nimwambie nini?"

Mastura aliyatazama makubadhi matatu mkononi mwake. Kutoka barazani, Yasini iliendelea.

"Mwambie marehemu anakuja mwenyewe kuandikisha maelezo."